Mikono Iliyoshika Shingo ya Joanita: Mzee Bartholomew Owori Astaafu Baada ya Miaka Thelathini na Saba

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Bartholomew Owori atafunga mlango wa chumba cha plasta kwa mara ya mwisho akiwa mfanyakazi wa Hospitali ya Mtakatifu Monika, Tororo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na saba, miezi minane na siku kumi na moja ya utumishi. Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe kwa kalamu ya risasi, kwenye ukuta ulio nyuma ya kabati la bandeji. Ofisi ya utumishi ilipokagua faili lake, ikakuta amekosea kwa siku moja tu.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi niandike wasifu huu. Nilidhani wamenichagua kwa sababu ya mwandiko wangu, lakini mwenyekiti akaniambia bila kuficha: "Sista Taaka, ni wewe ulikuwa naye kwenye ndege." Basi nitaeleza ya ndege. Lakini mtu hafanyi kazi miaka thelathini na saba halafu akumbukwe kwa siku moja peke yake, kwa hiyo nitaanzia mahali alipoanzia.

Mzee Owori alizaliwa Osukuru mwaka 1965, mtoto wa nne katika nyumba ya wakulima. Alipokuja kwetu Machi 1988 aliajiriwa kama mfagiaji. Alifagia wodi tatu, varanda, na chumba kidogo cha plasta kilichokuwa na dirisha moja. Mwaka huohuo lori lilipinduka kwenye barabara ya Malaba, na asubuhi moja hospitali ikapokea watu kumi na mmoja waliovunjika. Fundi wa plasta alikuwa mmoja. Akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumshikia mguu wa mgonjwa, akamwona kijana mwenye ufagio.

"Wewe, weka hiyo chini. Shika hapa."

Kijana akashika, na akaendelea kushika mguu baada ya mguu hadi saa kumi jioni, bila kuuliza atakula saa ngapi. Fundi alisema baadaye kwamba amewahi kushikiwa na wanafunzi wa udaktari ambao mikono yao ilichoka baada ya dakika tano, lakini mikono ya mfagiaji huyu ilikaa kama imejengwa pale. Juma lililofuata akamwomba kwa jina. Mwaka 1993 hospitali ilimpeleka Kampala kusoma, na aliporudi na cheti chake chumba kikawa chake.

Wengi wenu mnamjua Mzee Owori kwa msumeno. Watoto wanaogopa sana sauti ya ule msumeno wa umeme wa kukatia plasta, na hata watu wazima hujikunja. Yeye huuwasha, huuweka kwenye kiganja chake mwenyewe, na kumwonyesha mtoto kwamba haukati nyama. "Umeona? Hii nakula plasta peke yake. Nyama hapendi." Nimefanya kazi naye miaka ishirini na miwili na sijawahi kumwona akianza kukata bila kufanya hivyo kwanza, hata siku zile foleni ilipofika hadi kwenye bomba la maji.

Halafu kuna habari za Okia wa Tiira. Okia alikuwa mchimbaji wa dhahabu aliyevunjika mguu baada ya ukingo wa shimo kumwangukia. Alifungwa plasta, akaambiwa arudi baada ya wiki sita. Baada ya siku tisa aliikata kwa panga na kurudi shimoni. Akaletwa tena, akafungwa tena, akaikata tena. Mara ya tatu Mzee Owori hakumgombeza. Alimfunga, akaandika kwenye plasta tarehe ya kuitoa, na Jumamosi akapanda baiskeli kutoka Tororo hadi Tiira kumtazama. Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Okia alituambia kwamba ilimshinda kuikata, kwa sababu kila alipoangalia ile njia alimwona mzee anakuja. Leo anatembea kwa miguu yote miwili, na kila Desemba hutuletea mihogo. Baiskeli ile iliibiwa mwaka 2004 na Mzee hajaacha kuizungumzia.

Kazi anayojivunia zaidi ni kliniki ya Alhamisi. Aliianzisha mwaka 2009 kwa ajili ya watoto wanaozaliwa na miguu iliyopinda. Mguu wa namna hiyo hunyooshwa pole pole, plasta baada ya plasta, wiki baada ya wiki, na kazi kubwa ni ya vidole vya yule anayeushika. Wazazi wanatoka Buhehe, Busia, Osukuru, hata ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya. Mzee huzungumza nao Kidhopadhola, Kisamia, Kiateso na Kiswahili, na anapokosa neno hutumia mikono. Mpaka mwezi uliopita watoto mia tatu na arobaini na wawili walikuwa wamepita mikononi mwake na kwenda zao wakitembea.

Kliniki hiyo ndiyo iliyotupandisha ndege.

Mapema mwaka 2024 barua ilifika kwa mganga mkuu wetu, Dokta Isaac Maloba. Mzee Owori alikuwa amealikwa Johannesburg kwenye mkutano wa watu wanaotibu miguu ya watoto, akaeleze namna anavyofanya. Mimi, kama msimamizi wa wodi ya upasuaji, nilipangwa kumsindikiza. Mzee aliisoma barua mara mbili, kisha akauliza kama kuna basi.

Hakuwa amepanda ndege maisha yake yote. Mkewe, Mama Athieno, alinipigia simu wiki nzima kabla ya safari. "Sista, huyo mtu hata ngazi ya kanisa naogopa," aliniambia. "Kaa karibu na yeye."

Tulipaa kutoka Entebbe saa nne asubuhi, Jumanne tarehe 14 Mei. Mhudumu wa ndege mmoja, binti mwembamba anayeitwa Joanita, ambaye alikuwa amesomea Kenya na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu, alimwonyesha Mzee namna ya kufunga mkanda. Mzee akafunga, akavuta mpaka tumbo likagawanyika. Joanita akacheka, akamwambia anaweza kulegeza kidogo.

"Hapana, mwanangu. Wacha ikae hivi."

Ikakaa hivyo. Taa ya mkanda ilipozimwa na watu wakaanza kusimama na kujinyoosha, yeye hakugusa kitu. Nilimtania. Nilimwambia tuko juu kuliko ndege wote wa Uganda, hali ya hewa ni nzuri, hata choo kipo. Akasema choo atakiona Johannesburg.

Baada ya saa mbili na nusu hivi wahudumu walikuwa wakigawa chakula. Nje jua lilikuwa kali na anga ya buluu, hapakuwa na wingu hata moja upande wangu wa dirisha. Niliona baridi. Nikafungua mkanda nisimame nichukue sweta kwenye kabati la juu.

"Sista, keti," akasema Mzee. "Hiyo sweta haikimbii."

"Dakika moja tu, Mzee."

Ndege ikatikisika kidogo, taa ya mkanda ikawaka. Nakumbuka niliiona. Nikaanza kukaa, na ndege ikaanguka.

Sijui neno lingine la kutumia. Kiti kiliondoka chini yangu. Nilipaa hadi kwenye dari, kichwa na bega vikagonga, kisha nikatupwa chini kati ya viti. Pamoja nami vilipaa sahani, simu, viatu, mtungi wa chai, na watu. Baadaye tuliambiwa kwamba ni msukosuko wa hewa ambao hauonekani kwa macho wala kwenye mitambo ya rubani, na kwamba ulidumu sekunde kumi na nne. Watu kumi na saba waliumia. Hakuna aliyeumia vibaya kati ya wale waliokuwa wamefunga mikanda.

Ndege ilipotulia vikaanza vilio. Damu ilinitiririka usoni kutoka kwenye nywele. Nilijua mara moja kwamba mtulinga wangu, ule mfupa wa mbele ya bega, umevunjika, kwa kuwa nimeona ya watu wengine mia. Mzee Owori alikuwa palepale kwenye kiti chake, mzima, uso umejaa wali wa mtu mwingine.

Alinitazama. Akanigusa shingo kwa nyuma, akaniuliza kama naona vizuri, kama vidole vinafanya kazi. Nilikuwa nalia na kumwambia bega, Mzee, bega.

"Wewe nasema, nalia, nasogeza mkono. Uko sawa," alisema. "Ngoja."

Akatazama mbele. Joanita alikuwa amelala chali kwenye njia ya katikati, hatua sita kutoka kwetu, mkokoteni wa chakula umepinduka miguuni pake. Alikuwa amerushwa hadi darini pamoja na mkokoteni wake, akaangukia shingo kwenye mkono wa kiti. Macho yalikuwa wazi. Hakuwa analia.

Sasa niseme jambo ambalo Mzee mwenyewe huliruka akisimulia. Rubani alikuwa akitangaza kila mtu akae na afunge mkanda, kwani msukosuko unaweza kurudi. Ndege bado ilikuwa inatetemeka. Mimi nilikuwa karibu naye vya kutosha kuona mikono yake juu ya kile chuma cha mkanda. Ilikuwa inatetemeka kuliko ndege. Alijaribu kufungua, kikamshinda. Akajaribu tena. Alisema jambo kwa Kidhopadhola, sikulisikia vizuri, nadhani ilikuwa sala. Kisha mkanda ukafunguka na akaenda, kwa magoti, akishika miguu ya viti moja baada ya nyingine.

Alipofika, bwana mmoja mkubwa, mfanyabiashara aliyekuwa akienda kununua vipuri vya magari, alikuwa amekwisha kumshika Joanita chini ya mabega ili amwinue.

"Wacha!" Mzee alipiga kelele. Katika miaka ishirini na miwili sijamsikia akipiga kelele siku nyingine. "Usimguse!"

"Tumwache chini kama mzigo?" yule bwana akauliza. "Ndege ikianguka tena?"

"Shingo yake imeumia. Ukimwinua, unaweza kumlemaza. Ama kumuua."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi mtu wa plasta."

Yule bwana, tulikuja kujua kwamba anaitwa Nathan, alimtazama Mzee na shati lake lenye wali. Alikuwa na nguvu za kumsukuma pembeni kwa mkono mmoja. Mzee akapiga magoti nyuma ya kichwa cha Joanita, akakishika kwa mikono miwili, vidole chini ya masikio, viwiko vimekita sakafuni. Akamwambia Nathan bila kumwangalia: "Ukitaka kusaidia, kaa nyuma yangu. Shika miguu yangu. Nikirushwa, yeye nakwenda na mimi."

Nathan akakaa chini, akamshika.

Waliuliza kwenye kipaza sauti kama kuna daktari. Waliuliza mara tatu, na hakuna aliyejibu. Mimi ni muuguzi, na huu si wasifu wangu, lakini nitasema tu kwamba nilifunga mkono wangu kwa leso ya mama jirani nikaenda kuwaona waliounguzwa na chai, maana kulikuwa na bibi mmoja ambaye paja lilikuwa limeungua na alihitaji maji. Kutoka pale nilipokuwa nilisikia karibu kila neno.

"Joanita. Sogeza vidole vya mkono."

"Nasogeza?"

"Ndiyo, wewe nasogeza. Vya mguu?"

"Sijui. Vinasogea?"

"Vinasogea. Wewe nasikia nini mikononi?"

"Ganzi. Kama nimelalia."

Mkuu wa wahudumu akaja akijishika kwenye viti. Rubani anauliza, alisema, kama majeruhi wanaweza kungoja Johannesburg. Imebaki saa moja na dakika arobaini. Lusaka iko karibu zaidi, dakika thelathini na tano, lakini lazima aamue sasa hivi.

"Mwambie ashuke pale karibu," Mzee akasema.

"Una hakika? Ni uamuzi mkubwa, mzee wangu. Watu mia na hamsini."

"Dakika kumi zilizopita huyu msichana alikuwa nagawa chakula. Sasa nasikia ganzi. Ikipanda, hatapumua." Akavuta pumzi. "Mwambie rubani jina yangu ni Owori Bartholomew, nafanya kazi Tororo. Kama nimekosea, mtanilaumu mimi."

Mkuu wa wahudumu akaondoka. Baada ya dakika chache tukahisi ndege ikigeuka.

Kisha ukawa mshuko mrefu kuliko yote niliyowahi kupitia. Sheria inasema kila mtu awe kwenye kiti. Wakamwambia Mzee arudi, akakataa. Wakamwambia kwa ukali, akakataa kwa adabu. Mwishowe walileta mikanda ya nyongeza, ile wanayowapa watu wanene, wakaiunganisha na kumfunga kiunoni kwenye miguu ya viti vya pande zote mbili. Joanita wakamzungushia mablanketi na mito wakamfunga vivyo hivyo. Nathan naye alikataa kurudi kwenye kiti chake. Alilala kifudifudi, kamshika Mzee vifundo vya miguu.

"Mzee," Joanita akauliza, "nitatembea tena?"

Ningekuwa mimi ningesema ndiyo. Tunasema ndiyo kila siku wodini, hata tusipojua.

"Hiyo mimi sijui," Mzee alimjibu. "Kitu najua ni moja. Usitingishe kichwa. Na mimi siachi."

Halafu akaanza kumweleza habari za nguruwe wake. Alimweleza jinsi nguruwe huyo alivyotoka zizini siku ya Pasaka akala karanga za jirani zilizokuwa zimeanikwa, jinsi jirani alivyokuja na fimbo na Mama Athieno akatoka na mwiko, na kesi ilivyofika kwa mwenyekiti wa kijiji ambaye naye karanga zake zilikuwa zimeliwa. Kila baada ya maneno machache aliuliza: vidole? Naye akasogeza. Msukosuko ulirudi mara mbili, mwepesi kuliko wa kwanza. Watu walipiga mayowe na mimi pia. Sauti ya Mzee ilikatika, kisha ikaendelea na nguruwe.

Alimshika dakika arobaini na sita. Nathan alihesabu kwa saa yake.

Lusaka waliingia wahudumu wa dharura na ubao na kola ya shingo. Hata hapo hakuachia mpaka kola ilipofungwa na yule kiongozi wao akamwambia, "Tumempata, baba." Alipojaribu kusimama magoti yalikataa. Nathan akambeba mgongoni kushuka ngazi. Daktari aliyempasua Joanita alitueleza kesho yake kwamba pingili mbili za shingo zilikuwa zimevunjika, na kwamba angeinuliwa au kuketishwa zingekata uti wa mgongo. Mzee alisikiliza, akaomba kuonyeshwa picha, akaitazama kwa muda mrefu.

Hapo ndipo alipokuja kunifunga bega langu vizuri. Nakiri nilikuwa nimemkasirikia. Nilikuwa nimekaa naye miaka yote hiyo, na siku niliyoumia aliniambia ningoje na kumwendea mtu asiyemjua. Nilimwambia hivyo. Alikuwa akivuta bandeji, akaacha.

"Sista, nilikuangalia kwanza," alisema. "Ningekuta wewe ndiye mbaya, ningebaki na wewe."

Hasira iliisha, ingawa si siku ileile. Mtulinga ulipona kabla yake.

Mkutano hatukuuona. Hospitali ya Lusaka ilinibakiza wiki moja kwa sababu ya kichwa. Mzee alipoambiwa kwamba tiketi za kurudi Entebbe zipo, aliuliza lile swali lake la kwanza, na safari hii basi lilikuwepo. Alipita Tunduma, Dodoma, Mwanza, sijui wapi tena, akafika Tororo siku ya sita akiwa na miguu iliyovimba kama mito. Mimi niliruka saa mbili na nusu nikafika siku moja baada yake. Alikuwa kwenye chumba cha plasta, amevaa koti lake jeupe, na alinipa pole ya safari.

Tuliodhani mambo yaliishia hapo tulikosea. Mikono yake haikutulia. Wiki zile za kwanza aliangusha bandeji, akafunga plasta ikakunjamana, na Alhamisi moja mguu wa mtoto ulimponyoka. Mtoto hakuumia. Mtu mwingine wa umri wake na sifa zake angeficha, na sisi tungemsaidia kuficha. Yeye alikwenda siku hiyohiyo kwa Dokta Maloba akasema: "Daktari, mikono yangu bado iko kwenye ndege. Nisishike watoto."

Dokta Maloba hakumpa likizo. Alimpa Daphine, fundi msaidizi aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini. Kuanzia hapo Daphine alishika na kufunga, na Mzee aliketi kwenye kiti cha mbao nyuma yake akimwelekeza kwa mdomo. "Hapana, kidole gumba chini kidogo. Usisukume. Ngoja mguu wenyewe ukubali." Miezi mitatu. Pia alikwenda kila Jumanne kwa mshauri wetu wa afya ya akili, akakaa nje kwenye benchi na wagonjwa wengine bila kuona haya, na wafanyakazi wawili ambao sitawataja walipata ujasiri wa kwenda kwa sababu walimwona pale. Mwishoni mwa Agosti Daphine aliumwa, watoto saba walikuwa wanangoja, na Mzee akanawa mikono. Nilisimama mlangoni. Alimshika wa kwanza, akasubiri, akatazama vidole vyake mwenyewe, kisha akamwambia mama yake mtoto: "Lete maji ya plasta, tuanze."

Mwezi Oktoba wale wa Johannesburg walimwomba azungumze nao kwa njia ya video. Alizungumza Kiswahili, wakatafsiri. Walimuuliza siri ya kazi yake ni nini, akawaambia waje Alhamisi.

Joanita alivaa kola na vyuma miezi minne. Alijifunza upya kushika kijiko, kufunga vifungo, kupanda ngazi. Machi mwaka huu alikuja kututembelea kutoka Entebbe kwa gari, na Mzee alipomwona getini hakumkumbatia. Alimwambia atembee hadi kwenye bomba la maji na kurudi, kama anavyowaambia watoto. Joanita akaenda, akageuka, akarudi. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo akichoka. Mzee alimtazama kuanzia kisigino hadi kiunoni, akamwambia, "Tena." Akatembea tena. Hapo ndipo Mzee alipoondoa miwani, na sisi wengine tukaona vema kuangalia kwingine. Joanita sasa anafanya kazi kwenye ofisi ya uwanja wa ndege, chini, bila kuruka tena, na ndiye anayewafundisha wahudumu wapya namna ya kujikinga msukosuko unapokuja. Nathan humpigia Mzee simu kila mwezi. Mazungumzo yao marefu ni ya nguruwe.

Ukimuuliza Mzee Owori kuhusu siku ile, atakwambia alikuwa na bahati ya kuwa mwoga, kwa sababu woga ndio uliomfunga mkanda. Mimi nilikuwa pale, na najua pia ni nani aliyeufungua.

Anamwachia Daphine chumba cha plasta, na hatuna wasiwasi. Ataishi Osukuru na Mama Athieno, ambaye amekwisha kumtengea robo eka ya karanga na kumwambia waziwazi kwamba nyumbani hakuna foleni ya wagonjwa. Wana watoto watano na wajukuu tisa. Watatu kati ya hao, nimesikia, wamevunjika mikono kwa kupanda mapaa, basi mazoezi hayatakosekana.

Sherehe itaanza saa tisa alasiri, si saa nne kama ilivyotangazwa kwanza. Mzee ameomba hivyo ili mgonjwa yeyote atakayekuja siku hiyo asiambiwe arudi Jumatatu. Kutakuwa na kuku, kwon, yaani ugali wetu wa mtama, samaki wa Busia na soda. Kwaya itaimba nyimbo tatu, naye ameombwa aseme maneno machache, na ameahidi yatakuwa machache kweli.

Mzee Owori, hospitali hii inakushukuru. Wanakushukuru watoto mia tatu na arobaini na wawili ambao wengi hawakumbuki kwamba miguu yao iliwahi kupinda. Wanakushukuru wachimbaji wa Tiira, vijana wa bodaboda, na wazee walioteleza wakachukuliwa huku kwa machela ya miti. Nami nakushukuru kwa niaba yangu mwenyewe. Nenda ukapumzike. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha kwa karanga zako, na majirani wanaofunga nguruwe wao. Na asubuhi ya Jumatatu tarehe mosi Desemba, tunakuombea ulale mpaka jua liingie dirishani, uamke, ugeuke upande wa pili, na ulale tena.

Proscovia Taaka
Sista Msimamizi, Wodi ya Upasuaji